Akina Alice Watatu Mbele ya Bunduki

Jua lilikuwa halijapanda sana tulipoketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, katika kijiji kimoja cha wavuvi kwenye nchi ya Chifu Puta, kaskazini mashariki mwa Ziwa Mweru. Wavuvi wa usiku walikuwa wamekwisha kurudi na taa zao, na wanawake walikuwa wakianika mchangani wale samaki wadogo mfano wa dagaa ambao huku huitwa chisense. Lugha zilizosikika zilikuwa Kibwile, Kibemba, na kile Kiswahili cha Kongo kinachovuka maji pamoja na wachuuzi.

Akatokea askari polisi mmoja, kijana, daftari mkononi. Alikuwa amepelekewa malalamiko kwamba mwanamke aitwaye Alice alichukua magunia mawili ya samaki kwa mkopo, na siku ya kulipa imepita. Akasimama katikati ya wanawake wale, akaita kwa sauti ya kikazi: "Alice!"

Wanawake wanne wakainua vichwa.

Watu waliangua kicheko, na yule kijana naye akacheka, akavua kofia yake na kujipangusa jasho. Bibi mmoja aliyekuwa akishona wavu akamwuliza, "Unamtaka Alice yupi, mwanangu? Akina Alice hapa hawahesabiki."

Nasi tulicheka. Lakini baadaye, njiani kuelekea Nchelenge, tulilifikiri sana jambo lile. Tulikumbuka kwamba historia ya sehemu hizi za Afrika inawajua akina Alice watatu mashuhuri. Mmoja alitoka Ulaya, mmoja ni wa Zambia, na mmoja ni wa Uganda. Hawakupata kukutana. Lakini kila mmoja wao, kwa njia yake, alikabiliana na watu wenye bunduki, na habari zake zimeachia kila mwenye kuvaa sare fundisho ambalo si jepesi. Ndiyo maana tumeona vema leo tuwasimulie ninyi ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, ambao kazi yenu kila siku ni kuuliza majina ya watu.

JINA KATIKA NCHI YA ZIWA MWERU

Kwanza inafaa tueleze jinsi jina linavyotazamwa huku. Puta si jina la mtu mmoja aliyezaliwa akafa. Ni jina la enzi ya watawala wa Wabwile, na kila anayekalia kiti kile huwa Puta. Ndivyo ilivyo pia kusini, kwa Mwata Kazembe wa Walunda, ambaye makao yake yako Mwansabombwe. Katika bonde lote la Luapula, mtu anapofariki jina lake hupewa mrithi, na mrithi huyo hubeba jina pamoja na undugu, deni na heshima ya marehemu. Mzee anayesimulia habari za miaka mia mbili iliyopita aweza kusema "mimi nilivuka mto," ilhali aliyevuka ni yule wa kwanza aliyebeba jina hilo.

Mwanamke mashuhuri kuliko wote katika masimulizi ya ziwa hili ni Nachituti. Alikuwa dada yake Nkuba, mtawala wa Washila, ambao ndio waliokuwa wenyeji wa maji haya kabla ya Walunda. Inasimuliwa kwamba Nkuba alimwua mtoto wa dada yake huyo. Nachituti, kwa uchungu wa mama, akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Kazembe akatuma watu wake, Nkuba akauawa, naye Nachituti akampa Kazembe nchi na maji: udongo katika kikapu, na maji ya ziwa katika chombo. Mpaka leo, yanapotokea mabishano juu ya nani mwenye ziwa na mabwawa yake, simulizi hiyo hutajwa kama vile hati hutajwa mahakamani.

Tumeanza na Nachituti kwa makusudi. Hakubeba silaha hata moja, na bado nchi nzima ilibadili mwenyewe kwa sababu ya kilio chake. Mtawala aliyedhani kwamba kifo cha kijana mmoja kingepita kimyakimya alipoteza maisha yake, na ukoo wake ukapoteza milki.

JINA LA ALICE LILIKOTOKA

Alice ni jina la kigeni. Asili yake ni jina la kale la Wajerumani, Adalhaidis, lenye maana ya mtu wa jamii bora, mwungwana. Wafaransa wa zamani walilifupisha, Waingereza wakalipokea kutoka kwao. Katika karne ya 19 lilipendwa mno Uingereza. Malkia Victoria alimpa jina hilo binti yake aliyezaliwa mwaka 1843, na mwaka 1865 kikatoka kitabu cha Lewis Carroll cha hadithi ya mtoto Alice, kilichosomwa katika kila nyumba yenye watoto. Basi si ajabu kwamba wamisionari walipokuja Afrika jina hilo lilikuja nao, likaingia katika madaftari ya ubatizo, na kutoka hapo likaenea vijijini hata ufuoni mwa Mweru.

ALICE WA BARINGA

Alice wa kwanza ni Alice Seeley Harris, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1870. Mwaka 1898 aliolewa na John Harris, na mara wakasafiri kwenda Kongo kufanya kazi ya misheni. Hatimaye walikaa Baringa, katika misitu ya kaskazini.

Kongo ya wakati ule haikuwa koloni la Wabelgiji. Tangu mwaka 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili. Ng'ambo hii ya magharibi ya Ziwa Mweru, ambayo mtu wa Puta huiona kukiwa hakuna ukungu, nayo ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwake. Msiri, mtawala wa Katanga, alipigwa risasi na msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold mnamo Desemba 1891, na mwaka 1894 Waingereza na Leopold wakapatana mpaka uliopita katikati ya maji haya.

Huko kaskazini kilichotafutwa ni mpira wa msituni. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha kuleta. Kijiji kilichopungukiwa kilitumiwa askari wa Force Publique, yaani jeshi la dola ile, au walinzi wenye bunduki walioajiriwa na makampuni. Wakubwa wao, kwa kuogopa kwamba askari wangezitumia risasi kuwindia nyama, waliweka sheria kwamba kwa kila risasi iliyotumika uletwe mkono wa mtu aliyeuawa. Hebu ndugu askari afikirie matokeo yake. Aliyepoteza risasi, au aliyempiga swala, alihitaji mkono wa kufunika hesabu yake. Aliupata kwa mtu aliye hai.

Tarehe 14 Mei 1904 mtu mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika misheni ya Baringa akiwa na furushi dogo la majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake, Boali, mtoto wa miaka mitano hivi. Walinzi wa kampuni ya ABIR walikuwa wamevamia kijiji, na hivyo ndivyo vilivyobaki. Alice Harris alimwomba Nsala akae ukingoni mwa baraza, akamweka furushi lake mbele, akachukua kamera na kumpiga picha. Katika picha hiyo Nsala hatutazami sisi. Anautazama ule mkono mdogo na mguu.

Picha hiyo na nyingine alizozipiga zilioneshwa katika kumbi za Uingereza na Marekani. Maelfu ya watu waliokwisha kusikia habari za Kongo na kuzitilia shaka, sasa waliziona kwa macho yao. Leopold alikuwa na fedha, magazeti na mawakili, lakini hakuwa na jibu kwa picha. Mwaka 1908 alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Hatusemi kwamba mateso ya Wakongo yalikwisha siku hiyo. Tunasema kwamba utawala ule wa mikono iliyokatwa ulianguka, na kamera ya mwanamke huyu ilikuwa miongoni mwa vilivyouangusha. Alice Harris alikufa mwaka 1970, akiwa amekwisha kutimiza miaka 100.

Jambo moja lisisahaulike. Wengi wa walinzi na askari waliokata mikono walikuwa Waafrika, na wengi wao walichukuliwa kwao kwa nguvu. Walikuwa na hofu ya mabwana zao, na walikuwa na amri. Lakini Nsala hakufika Baringa akiwa na amri katika furushi lake. Sheria za vita za leo zimelisema wazi lile ambalo wakati ule halikuandikwa: amri ya kumdhuru raia asiye na silaha haimwondolei aliyeitekeleza lawama.

ALICE WA KASOMO

Alice wa pili alizaliwa karibu mwaka 1920 katika wilaya ya Chinsali, kusini mashariki mwa ziwa hili, safari ndefu kupita nchi ya Wabemba. Jina lake la kuzaliwa ni Mulenga Lubusha. Jina la Alice alipewa kwa ubatizo. Jina la tatu, Lenshina, ndilo lililomtangaza, nalo ni matamshi ya Kibemba ya neno la Kilatini Regina, maana yake malkia.

Mwaka 1953 aliugua sana, na alipopona alisema kwamba alikufa, akakutana na Yesu, akarudishwa duniani akiwa na ujumbe. Aliupeleka kwanza misheni ya Lubwa, ya Wapresbiteri, nao wakampokea. Lakini kabla ya miaka miwili kupita walikuwa wametengana, na kanisa lake likaitwa Lumpa, neno la Kibemba lenye maana ya kupita mengine yote. Alihubiri watu waache uchawi, hirizi, pombe na kuoa wake wengi. Alitunga nyimbo katika Kibemba ambazo ziliimbwa kwa lahani za nchi, wakati nyimbo za misheni zilikuwa bado zinafuata lahani za Ulaya. Watu walitembea kwa siku nyingi kwenda kijijini kwake Kasomo, wakamwachia hirizi zao na pembe zao za uganga. Pale Kasomo, mahali walipopaita Sione, yaani Sayuni, wafuasi walijenga hekalu kubwa la matofali lililokamilika mwaka 1958. Inakadiriwa kwamba wakati huo wafuasi wake walikuwa zaidi ya 50,000.

Shida ilikuja wakati nchi ilipokaribia uhuru. Chama cha UNIP kilikuwa kikiandikisha wanachama kila kijiji, na Lenshina akawakataza watu wake kujiunga na siasa na kuchukua kadi. Katika miezi ile ya joto la uhuru, asiye na kadi alionekana msaliti. Nyumba zilichomwa na makanisa yakachomwa. Watu waliuawa kwa mikuki na mashoka, safari hii upande huu, safari ile upande ule. Wafuasi wa Lumpa wakahama vijijini, wakajenga vijiji vyao wenyewe bila idhini ya machifu, wakavizungushia maboma ya miti. Mnamo Julai 1964 serikali iliwaamuru waviache vijiji hivyo na kurudi walikotoka. Kwao amri hiyo ilikuwa na maana ya kurudi katikati ya watu waliokuwa wakiwachomea nyumba.

Wa kwanza kufika katika vijiji hivyo walikuwa polisi, na baadhi yao waliuawa. Ndipo wakaletwa askari wa jeshi. Mwisho wa mwezi ule hekalu la Sione lilizingirwa. Taarifa za wakati ule zinasema kwamba wafuasi, wanawake wakiwa miongoni mwao, walitoka mbio na mikuki na shoka wakipiga kelele za "Yeriko!" wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji. Risasi hazikugeuka maji. Mapigano yakasambaa hata Lundazi, upande wa mashariki, ambako wafuasi waliwashambulia polisi na wanakijiji kabla nao hawajauawa kwa wingi. Kanisa lilipigwa marufuku mwanzoni mwa Agosti, na mwezi huohuo Lenshina akajisalimisha. Kwa hesabu ya serikali waliokufa walizidi 700. Zambia ikapata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, makaburi yale yakiwa bado mapya.

Lenshina aliwekwa kizuizini mpaka Desemba 1975, na alikufa mwaka 1978. Wafuasi wake wengi walikimbilia Kongo, wakaishi miaka mingi Mokambo, karibu na mpaka wa Mufulira.

Fundisho gani liko hapa? Waliopigana walikuwa jirani na jirani, na pengine ndugu wa tumbo moja. Lugha yao ilikuwa moja, na wote waliutaka uhuru wa nchi yao. Ugomvi wao ulianzia katika mambo ambayo polisi wa kijiji hukutana nayo kila wiki: mtu kutukanwa njiani, nyumba kuchomwa usiku, kadi kuchanwa hadharani. Kila jambo kati ya hayo, likiandikwa siku ileile, likachunguzwa, na mkosaji akashtakiwa bila kujali ni wa upande upi, ni kesi ndogo ya mahakama ya wilaya. Yakiachwa mwaka mzima, huletewa kikosi chenye bunduki za rashasha. Fauka ya hayo, jina lenyewe liligeuka hatia. Mfuasi yeyote, hata bibi kizee aliyekwenda Kasomo kuimba tu, aliitwa "Lenshina." Likishatoka neno hilo, watu hawakuuliza tena huyu ni nani na amefanya nini.

ALICE WA OPIT

Alice wa tatu, Alice Auma, alizaliwa mwaka 1956 katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Aliolewa mara mbili, hakujaliwa kupata mtoto, akaachwa. Akajitafutia riziki kwa biashara ndogo ya samaki na unga, kama akina mama tuliowaona Puta. Kisha, mwaka 1985, kwa maelezo yake na ya wafuasi wake, alipandwa na pepo aliyeitwa Lakwena. Neno hilo ni la Kiacholi, maana yake mjumbe. Ilisemwa kwamba mjumbe huyo aliwahi kuwa mwanajeshi wa Kitaliani aliyekufa zamani. Alice akaanza kuganga watu huko Opit, kwenye kituo cha reli karibu na Gulu.

Mwaka uliofuata mambo ya nchi yaligeuka. Januari 1986 jeshi la NRA la Yoweri Museveni liliiteka Kampala. Maelfu ya askari wa jeshi lililoshindwa, wengi wao Waacholi, walirudi vijijini kwao na bunduki zao. Tuwafikirie watu hao kama askari kwa askari. Walikuwa wameshindwa, hawakuwa na mshahara wala kazi. Baadhi yao walikuwa na damu za watu mikononi, hasa za raia wa Luwero, na wazee wa kwao hawakujua jinsi ya kuwatakasa. Walipoambiwa wasalimishe silaha, wengi waliogopa kwamba wakifika bila bunduki watauawa.

Hao ndio waliomjia Alice, na mwezi Agosti 1986 mganga akawa jemadari. Aliwaambia kwamba watasafishwa dhambi zao, na kwamba aliye safi hapigwi risasi. Aliwapaka mafuta yaliyotokana na kokwa za mti, yaitwayo kwa Kiacholi moo yaa, akawawekea amri 20. Wasiibe, wasinywe pombe, wasivute sigara, wasizini. Vitani wasijifiche nyuma ya mti wala kichuguu, bali waende wima wakiimba nyimbo za dini. Mawe waliyoyarusha yangelipuka kama makombora. Kila askari aliyefundishwa kutumia ardhi kama kinga atatambua mara moja amri hiyo iliwapeleka wapi.

Na bado, mwanzoni, walishinda mara kadhaa. Askari wa serikali walipoona mamia ya watu vifua wazi, wamemetameta mafuta, wakija wima huku wakiimba, wengine walitupa silaha wakakimbia. Lakini hofu haidumu. Katika mapambano ya Corner Kilak mnamo Januari 1987 wafuasi wengi walianguka. Alice aliendelea, akapita Lira, Soroti na Tororo akielekea Kampala, akiwa na watu wanaokadiriwa kuwa elfu kadhaa. Mwishoni mwa 1987 jeshi lake lilivunjwa kwa mizinga huko Magamaga, mashariki mwa Jinja. Yeye akakimbilia Kenya. Alikaa huko kama mkimbizi katika kambi za Dadaab mpaka alipokufa tarehe 17 Januari 2007.

Vita havikwisha naye. Joseph Kony, kijana wa nchi ileile, alijitangaza naye kuwa na mapepo, akaanzisha jeshi lililoteka watoto kwa miaka ishirini na kuvuka hata Kongo. Alice aliwaambia watu wake waache wizi na uzinzi. Aliyekuja baada yake aliwafundisha watoto kuua wazazi wao. Askari aliyeshindwa asipopewa njia ya kurudi nyumbani kwa heshima, atamfuata yeyote atakayemwahidi utakaso, na wa pili aghalabu huwa mbaya kuliko wa kwanza.

YANAYOWAUNGANISHA

Ndugu zetu wa Tanzania watakuwa wamekwisha kukumbuka Maji Maji. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji ili risasi za Wajerumani zisiwadhuru. Imani hiyo basi imeonekana Ngarambe, Kasomo na Opit, katika muda wa miaka 82, kwa watu ambao hawakufundishana. Ni rahisi kuicheka. Sisi tunaona kwamba mtu hatembei wima kuelekea bunduki kwa sababu ya ujinga peke yake. Hufanya hivyo anapoona kwamba njia nyingine zote zimefungwa: hakimu hamsikii, mkubwa wa wilaya hamsikii, jirani anamchomea nyumba. Mahubiri humjia mtu huyo yakimkuta amekwisha kukata tamaa.

Lakini ukweli wa upande wa pili nao tuuseme. Polisi waliouawa Chinsali walikuwa kazini, na walikuwa na wake na watoto. Wanakijiji wa Lundazi waliouawa na wafuasi wa Lumpa hawakuwa wamemkosea Lenshina. Askari anapojiwa na mkuki ana haki ya kuilinda nafsi yake. Tunachokisema ni kwamba siku ya mkuki huwa imetanguliwa na siku nyingi ambazo neno lingetosha, na katika siku hizo polisi ana nafasi ya kufanya kazi kubwa kuliko mizinga.

Sehemu hizi za Puta zinalijua jambo hilo vizuri. Mnamo Desemba 2000 mji wa Pweto, ulio pale mto Luvua unapotoka ziwani upande wa Kongo, ulianguka katika vita vya nchi hiyo. Maelfu ya raia walivuka kuingia Zambia, na pamoja nao askari wa Kongo na wenzao wa Zimbabwe walioshindwa. Wenye silaha walinyang'anywa, na raia wakapelekwa kambi za Kala, wilayani Kawambwa, na Mwange, wilayani Mporokoso. Tufikiri ingekuwaje kama kila aliyevuka angehesabiwa adui kwa sababu tu ya alikotoka. Katika msongamano wa namna ile, daftari lililoandikwa vizuri, jina la mtu, la baba yake na la kijiji chake, ndilo linalomrudisha mtoto kwa mama yake, na ndilo linalomtenga mhalifu na mkimbizi.

MWISHO WA KISA CHA ASUBUHI ILE

Tulimwacha yule kijana wa polisi ufuoni, kofia mkononi, na akina Alice wanne mbele yake. Pengine msomaji angependa kujua alifanyaje. Angeweza kuwachukua wote wanne mpaka kituoni, na samaki wao wangeharibika mchangani. Angeweza kumchukua aliye karibu. Katika safari zetu tumekwisha kuyaona yote mawili yakitendeka, mahali tusipopataja.

Yeye alimwomba yule bibi nafasi ya kukaa, akakaa chini ubavuni mwa wavu. Akamwita mmoja mmoja. "Mama, baba yako ni nani? Umetoka kijiji gani? Mwaka huu umefanya biashara na nani?" Akaandika pole pole, maana kalamu yake ilikuwa ikigoma. Wa tatu alikuwa amekasirika na kumjibu kwa ukali, naye hakujibizana naye. Kazi yote ilichukua nusu saa.

Alice aliyetakiwa hakuwa miongoni mwa wale wanne. Alikuwa amekwenda Kashikishi tangu jana kuuza samaki ili apate hizo fedha za kulipa. Kijana akafunga daftari lake, akaaga, akaenda zake kwa miguu kando ya maji. Wanawake wakarudi kugeuza samaki wao, kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.